Tundu la bakteria wa kipindupindu: kwa nini sukari inapita na nyongo inabaki nje

Swali: Shikamoo Daktari. Nafundisha biolojia hapa Ujiji. Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi kwamba bakteria wa kipindupindu ana utando wa nje unaomlinda, na kwamba utando huo una protini zenye matundu ya kupitishia chakula. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ana matundu, mbona nyongo ya tumboni haiingii ikamuua? Na matundu hayo ndiyo yanayotoboa utumbo wetu hadi maji yanatoka?" Mwenzake akadakia: "Basi tuyazibe, afe njaa." Sikuwa na jibu. Naomba unieleze matundu hayo yameumbwaje hasa, maana vitabu tulivyo navyo vinapita juu juu.

Jibu: Marahaba Mwalimu, na mwakeye. Umeomba undani, na undani utaupata. Ila nianze na swali la pili la binti yako, kwa sababu amechanganya vitu viwili ambavyo hata wanafunzi wa udaktari huvichanganya.

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hatoboi utumbo. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba ngozi ya ndani ya utumbo hubanduka, ndiyo maana mgonjwa anatoa yale maji kama ya kuoshea mchele. Mwaka 1960 Eugene Gangarosa na wenzake walichapisha uchunguzi wa vipande vidogo vya utumbo vilivyochukuliwa kwa wagonjwa wa Bangkok, wakakuta ngozi ile imekaa mahali pake, nzima. Kinachotokea ni kwamba bakteria anatoa sumu, sumu inaingia ndani ya seli zetu na kupandisha kemikali ya ujumbe iitwayo AMP mzunguko, na ujumbe huo unafungua mlango wa kloridi uitwao CFTR. Mlango huo ni wetu, tumezaliwa nao. Kloridi inatoka, sodiamu inaifuata, na maji yanazifuata zote mbili. Mlango mwingine, ule unaoingiza sukari na chumvi kwa pamoja, sumu haiugusi, na ndiyo maana maji ya ORS yanafanya kazi hata mgonjwa akiwa bado anaharisha.

Sasa, matundu uliyowafundisha yako kwenye mwili wa bakteria mwenyewe. Kwa Kiingereza yana jina, "porin", ambalo tukiliandika kwa tahajia yetu linakuwa "porini", na porini sisi tunakujua ni wapi. Kwa hiyo mimi huziita protini-tundu, na nitaendelea hivyo. Jina la Kiingereza lilitokana na kazi ya Mjapani Taiji Nakae mwaka 1976. Alichukua protini hiyo, akaipachika kwenye vipovu vya mafuta alivyovijaza sukari, akaona sukari ndogo inavuja na ile yenye minyororo mirefu inabaki ndani. Vipovu visivyo na protini havikuvuja. Miaka hiyohiyo yeye na Hiroshi Nikaido, pamoja na wenzao wengine, walikuwa wanapima ni molekuli ya ukubwa gani inayoweza kuvuka utando wa nje wa bakteria mzima. Rafinosi, sukari ya daltoni 504 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), ilipita. Stakiosi, ya daltoni 667, kwa sehemu kubwa ilikwama. Hapo ndipo ilipotoka ile namba ya takriban 600 inayotajwa kila mahali kama kikomo.

Kabla ya kuingia kwenye tundu, mweleze mwanafunzi ukuta wenyewe. Bakteria hawa wa Gram-hasi, yaani wale wasioshika rangi ya zambarau ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884, wana tando mbili. Ule wa ndani ni wa fosfolipidi za kawaida. Ule wa nje una sura mbili: upande wa ndani fosfolipidi, upande wa nje lipopolisakaraidi, molekuli nzito zenye mikia ya mafuta na minyororo ya sukari juu yake, zimebanana na kufungwa pamoja kwa magnesiamu na kalsiamu. Utando wa mafuta wa kawaida unaruhusu vitu vyenye asili ya mafuta vipenye kwa urahisi. Huu wa lipopolisakaraidi unavikwamisha hata vitu hivyo. Na vitu vinavyopenda maji, kama sukari na amino asidi, haviwezi kupita kwenye mafuta hata kidogo. Bila tundu, bakteria angekufa njaa akiwa amezungukwa na chakula.

Tundu linajengwaje? Sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na bahati nzuri sisi wa Kigoma tuna vifaa vya kuifahamu: ukili na mawese.

Protini ni uzi mmoja mrefu wa amino asidi. Chukua protini-tundu iliyochunguzwa kuliko zote, OmpF ya Escherichia coli (E. coli, bakteria wa utumboni), yenye amino asidi 340. Uzi huo unakwenda juu, unakata kona, unarudi chini, unakata kona, unapanda tena, mpaka unafanya tepe 16. Kila utepe umeshikamana na jirani yake kwa vifungo vya haidrojeni, ubavu kwa ubavu, kama mama anavyoshona ukili kwa ukili hadi mkeka unapanuka. Halafu utepe wa 16 unarudi kushikana na wa kwanza. Mkeka umekuwa pipa. Wataalamu huliita pipa la beta, kwa sababu tepe za namna hii huitwa tepe za beta.

Kwa nini pipa, si mkeka uliotandazwa? Kwa sababu utepe wa pembeni kabisa ungebaki na ubavu mmoja wenye vifungo visivyo na mwenzi, na ndani ya mafuta hakuna maji ya kuvishika vifungo hivyo. Ukifunga duara hakuna ubavu unaobaki wazi. Tepe zenyewe hazisimami wima. Zimelala mshazari, na ulalo huo ni sehemu ya kinachoamua upana wa pipa. Idadi ya tepe katika mapipa ya bakteria karibu yote ni shufwa: dogo kama OmpA lina tepe 8, na yapo yanayofika 26.

Hapa yaje mawese. Kila aliyewahi kuona mama akipika sabuni ya mawese anajua kuna upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji. Katika utepe wa beta, amino asidi zinapokezana: moja inatazama nje, inayofuata inatazama ndani, nyingine nje, nyingine ndani. Basi zile zinazotazama nje ya pipa ni za kupenda mafuta, kwa sababu zimezama kwenye mafuta ya utando. Zile zinazotazama ndani ya pipa ni za kupenda maji, kwa sababu ndani mwake mmejaa maji. Pale pipa linapovuka mpaka wa mafuta na maji, juu na chini, kuna mikanda miwili ya amino asidi zenye pete, hasa tairosini na triptofani, zinazolishikilia pipa lisizame wala lisielee.

Mpangilio huu wa kupokezana unajibu jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya sekondari na linastahili kuwamo. Protini za utando wa ndani hujengwa kwa mizunguko ya alfa yenye kama amino asidi 20 mfululizo za kupenda mafuta. Protini-tundu zinatengenezwa ndani kabisa ya seli na ni lazima zivuke utando wa ndani ili zifike wa nje. Kama nazo zingekuwa na kipande kirefu cha kupenda mafuta, zingekwama humo njiani. Kwa kuwa upendo wake kwa mafuta umegawanywa moja-moja, hazikwami. Mafuta yanaonekana tu pipa likishakunjwa.

Mapipa haya hayakai moja moja. OmpF na jamaa zake hukaa matatu matatu, yamebanana kiubavu. Mwalimu, ukichora ubaoni, tafadhali usichore tundu moja katikati ya mapipa matatu. Nimeliona kosa hilo kwenye michoro mingi. Kila pipa lina tundu lake, kwa hiyo matatu yana matundu matatu. Na yameshikana kwa nguvu ya ajabu: ukiyatia kwenye sabuni kali ya maabara iitwayo SDS, ambayo inakunjua protini nyingine nyingi, yanabaki matatu mpaka uyachemshe.

Tulijuaje haya yote? Kwa fuwele na eksirei. Protini ya utando ni ngumu kuifanya fuwele kwa sababu nje yake ni mafuta, inabidi uivishe sabuni. Kundi la Georg Schulz huko Freiburg lilipata muundo wa kwanza wa protini-tundu, kutoka kwa bakteria asiye na madhara aitwaye Rhodobacter capsulatus, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1992 kundi la Basel likatoa muundo wa OmpF na ndugu yake PhoE. Tangu hapo tumeacha kukisia.

Miundo hiyo ilionyesha kwamba pipa si bomba tupu. Kona za upande wa ndani wa bakteria ni fupi, lakini zile za upande wa nje ni vitanzi virefu. Kitanzi cha tatu hakisimami juu na wenzake. Kimeinama kuingia ndani ya pipa na kuegemea ukuta, katikati ya kina chake. Hapo ndipo njia inapobana. Kwenye OmpF mbano huo una upana wa kama nanomita 0.7 kwa 1.1 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Wavuvi wa Kibirizi wangeelewa mara moja: ukubwa wa jicho la wavu ndio unaoamua unachovua, hata wavu wenyewe uwe mkubwa namna gani.

Ila mfano wa wavu unaishia hapo, na wanafunzi wako wasibaki nao kama ndio kila kitu. Jicho la wavu halina umeme. Kwenye mbano wa OmpF, upande mmoja wa ukuta zimepangwa arginini, zenye chaji chanya. Upande wa pili, juu ya kitanzi cha tatu, zipo aspateti na glutameti, zenye chaji hasi. Kati yao kuna uga wa umeme unaokata njia kwa upana wake. Molekuli yoyote inayopita inageuzwa na uga huo: upande wake hasi unavutwa kwenye arginini, upande chanya kwenye kitanzi. Ikiwa na umbo na mgawanyo wa chaji unaokubaliana na uga, inapita vizuri. Isipokubaliana, inagonga na kurudi, hata kama ni ndogo kuliko daltoni 600.

Sasa tuje kwenye nyongo, swali la kwanza la binti.

Nina picha moja kichwani ambayo haijanitoka tangu Mei 2015. Ndugu zetu waliokuwa wakikimbia Burundi walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua, zaidi ya 30 walifariki, na meli ya MV Liemba ikawa inapiga safari kuwaleta watu Kigoma mjini. Siku zile nilisoma sahani nyingi za TCBS. Ni chakula cha maabara cha rangi ya kijani kilichotiwa chumvi za nyongo kwa makusudi ili bakteria wengine washindwe kuota, na kimetiwa pia sakrosi, sukari ya kawaida ya mezani. Vibrio anaota, anaila sukari, anatoa asidi, na sahani inageuka njano. Unaangalia vidoa vya njano kwenye kijani na moyo unakuenda chini kwa sababu unajua kuna mtu amelala mahali na dripu.

Tazama kilichotokea kwenye sahani ile. Sakrosi ina daltoni 342. Deoksikoleti, mojawapo ya chumvi za nyongo, ina kama 392. Ni karibu sawa! Jicho la wavu peke yake lisingeweza kuzitenganisha. Mwili wa bakteria uleule umekaribisha moja na kukataa nyingine.

Vibrio cholerae ana protini-tundu kuu mbili, OmpU na OmpT. Anapokuwa tumboni, protini iitwayo ToxR, iliyokaa kwenye utando wake wa ndani ikisikiliza hali ya nje, inawasha jeni ya OmpU na kuzima ya OmpT. ToxR hiyohiyo inashiriki kuwasha mfululizo unaoishia kwenye kutengeneza sumu. Kwa hiyo bakteria anabadilisha milango yake na kuandaa silaha kwa amri ya bwana mmoja. Mwaka 2000 Daniele Provenzano na Karl Klose walilazimisha bakteria wabadilishane: waliotakiwa kutoa OmpU wakatoa OmpT. Ustahimilivu wa nyongo ukashuka, na uwezo wa kukaa kwenye utumbo wa panya ukashuka pia.

Muundo wa OmpU ulipopatikana mwaka 2018, ulionyesha pipa la tepe 16, matatu matatu, kama inavyotarajiwa. Ajabu ilikuwa ndani. Mwanzo wa uzi wa protini, ule mkia ambao kwenye OmpF hauna shughuli kubwa, kwenye OmpU umejikunja na kuingia ndani ya pipa, ukaongeza mbano. Njia inakuwa nyembamba kuliko ya OmpF, na umeme wake unabadilika. OmpU inapendelea sana vitu vyenye chaji chanya. Chumvi za nyongo zina chaji hasi. Sukari haina chaji yoyote. Ndivyo sakrosi inavyoingia na nyongo inavyozuiwa mlangoni. OmpT haichagui chaji kwa ukali huo, na vipimo vya umeme vimeonyesha kwamba deoksikoleti inaingia mpaka ndani ya tundu la OmpT na kuliziba, jambo ambalo haiifanyii OmpU.

Nisikudanganye kwamba mlango unafanya kazi yote. Lipopolisakaraidi zinazuia sehemu, na nyongo kidogo inayofanikiwa kupenya inasukumwa nje na pampu zinazovuka tando zote mbili. Ni kama mtumbwi: mbao zimeshonwa vizuri, lakini lazima awepo mtu na kopo la kuchota maji. Mbao zikiachana sana, kopo halitoshi.

E. coli naye ana mchezo kama huo kati ya OmpF na OmpC. Kwenye maji mepesi ya nje, yenye chakula kidogo, anatengeneza zaidi OmpF. Ndani ya utumbo, penye chumvi nyingi na joto, anapunguza OmpF na kuongeza OmpC. Vipimo vya kasi ya sukari vilikadiria upana wa OmpF kuwa nanomita 1.16 na OmpC 1.08, tofauti ndogo mno, na bado inaleta matokeo makubwa kwa molekuli zinazopita kwa kubanwa.

Kuhusu kutoka kwa sumu: sumu ya kipindupindu haipiti kwenye OmpU wala OmpT. Ni kubwa mno, ina vipande sita. Ina lango lake, GspD, nakala 15 za protini moja zilizoshirikiana kujenga pipa moja kubwa la tepe 60, lenye kizibo ndani kinachofunguka wakati wa kutoa mzigo. Na ukitaka kumfurahisha binti yako, mwambie hakukosea kabisa: Vibrio cholerae aina nyingi hutoa pia protini nyingine inayotoboa seli zetu kwelikweli. Nakala zake saba zinaungana juu ya seli na kusukuma pipa kwenye utando. Lakini hiyo si chanzo cha maji yale ya mchele.

Mwanafunzi wa pili alisema tuyazibe. Ni wazo zuri, na wapo watafiti waliolifikiria kwa uzito. Shida ni tatu, na zinaungana. Kwanza ni wingi: seli moja ya E. coli ina protini-tundu zipatazo laki moja. Pili, ukiziba aina moja anatengeneza nyingine. Tatu, na hili ndilo linaloniuma kila ninapofikiria wadi zetu, tundu hilohilo ndilo njia ya dawa. Ampisilini ina daltoni 349, siprofloksasini 331, doksisaiklini 444. Hizo hutegemea matundu haya kwa kiasi kikubwa. Vankomaisini ina karibu 1,450, haipiti, ndiyo maana haisaidii dhidi ya bakteria hawa hata kidogo. Azithromaisini yenye 749 ni ya pekee: ina chaji chanya mbili, inayang'oa magnesiamu yanayofunga lipopolisakaraidi, na kujipenyeza kupitia ukuta badala ya mlango.

Kwa hiyo tukiziba matundu, tutakuwa tumemsaidia bakteria kufanya jambo ambalo tayari anajitahidi kulifanya mwenyewe. Bakteria wa hospitalini aitwaye Klebsiella pneumoniae ana protini-tundu OmpK35 na OmpK36. Aina sugu nyingi zimepoteza OmpK35 kabisa, na kwenye OmpK36 zimeongeza amino asidi mbili tu, glaisini na aspateti, kwenye kitanzi cha tatu. Mbili tu! Kitanzi kinajitokeza zaidi ndani ya njia, na dawa za kundi la kabapenemu zinakwama. Bakteria mwingine, Pseudomonas aeruginosa, hana hata mlango wa jumla kama OmpF. Ana milango midogo ya kazi maalumu, mmoja wao OprD, pipa la tepe 18 linaloingiza amino asidi kama arginini na laisini. Imipenemu, mojawapo ya kabapenemu, hupita humo. Akiipoteza OprD, imipenemu inashindwa.

Lakini kufunga mlango kunamgharimu. Klebsiella mwenye kitanzi kilichobana alipopimwa kwa panya mwaka 2019 alionekana kuwa dhaifu kuliko mwenzake mwenye mlango wazi. Kwa Vibrio gharama hiyo imeonekana hata kwa wagonjwa. Kuna virusi vinavyowinda bakteria huyu, kimoja kinaitwa ICP2, na kinamtambua kwa kushika vitanzi vya nje vya OmpU. Katika sampuli za wagonjwa wa Haiti, ambako mlipuko ulianza mwaka 2010, na wa Bangladeshi, walipatikana bakteria waliobadilisha OmpU ili wasishikwe. Wengine walikuwa wameharibu ToxR yenyewe, yaani wameponyoka kwa virusi kwa kuvunja kiungo kinachowawezesha kuambukiza.

Njia inayonipa matumaini si kuziba tundu bali kuzuia lisijengwe. Pipa likishavuka utando wa ndani likiwa bado uzi, linasindikizwa na protini walezi hadi kwenye mtambo uitwao BAM, uliopo kwenye utando wa nje. Fundi mkuu wa mtambo huo ni BamA, naye ni pipa la tepe 16. Mshono wake mmoja hauna nguvu. Unaachia kidogo, na uzi mpya unajishikiza hapo utepe baada ya utepe hadi unafunga duara lake na kuachana naye. Mapipa yote ya utando wa nje yanamtegemea. Mwaka 2019 kundi la Kim Lewis huko Marekani lilitangaza darobaktini, kemikali itokayo kwa bakteria wanaoishi ndani ya minyoo midogo inayoua wadudu. Inajifanya utepe wa beta na kukaa kwenye mshono ule wa BamA, fundi akakwama. Ina daltoni zipatazo 966, kubwa mno kupita tundu la kawaida, lakini haihitaji kupita: BamA yuko hukohuko kwenye utando wa nje, na darobaktini inamfikia ikiwa nje. Bado haijawa dawa ya hospitalini.

Kwa darasani, mpe kila mwanafunzi vipande 16 vya karatasi vyenye urefu sawa, au ukili kama unapatikana. Kwenye kila kipande wachore nukta kwa kupokezana, nyekundu mbele, ya bluu nyuma, nyekundu mbele, ya bluu nyuma. Wavishone mshazari ubavu kwa ubavu na kufunga duara, nyekundu zikitazama nje. Kisha kati ya kipande cha tano na cha sita upande wa juu, ambako ndipo kilipo kitanzi cha tatu, waongeze kipande kirefu na kukikunja kiingie ndani ya pipa. Watumbukize punje za ulezi, halafu maharage. Baada ya hapo ndipo uwaambie kuhusu chaji, maana mikono yao itakuwa imeshajua kwamba ukubwa peke yake hautoshi kueleza sahani ya njano.

Ukikwama mahali pa kitanzi niandikie, nitakuchorea.